Mguu wa Ishirini na Moja

Kambi ya mgodi, Alhamisi 14 Juni 1984

Baba Remberto,

Shikamoo. Ni mimi Eusebia Huarachi, binti yako wa ubatizo. Sina habari njema, kwa hiyo sitazunguka.

Jumatatu asubuhi, zamu ya kwanza, kizimba kinachoshusha wachimbaji hakikusimama kilipofika chini. Kiligonga magogo ya mwisho wa shimo. Teodosio Colque amefariki. Wengine wawili wamevunjika miguu. Aliyekuwa anaendesha winchi ni baba yangu.

Wamemfungia kwenye kituo cha walinzi wa kambi. Wanasema alikuwa amelewa, kwa kuwa Jumapili kulikuwa na harusi kwa kina Mollo. Wewe unamjua Casiano wako. Ana mwaka wa tisa hajagusa hata chicha, pombe yetu ya mahindi. Juzi nilipewa dakika kumi za kumwona.

"Tata, ilikuwaje?"

"Nilirudisha mkono wa kasi, mwanangu. Nikaurudisha mpaka mwisho. Winchi ikaongeza."

"Ikaongeza?"

"Kama farasi aliyechapwa. Nikavuta breki ya dharura, lakini zilibaki mita kumi na mbili tu."

Injinia Arandia, mkuu wa mitambo, amesema mbele ya watu wote kwamba lile sanduku la elektroniki linaloamuru kasi ya winchi halikosei, wanaokosea ni walevi. Kikao ni tarehe 18 Julai, na mwendesha mashtaka atatoka Oruro. Akionekana ana hatia ni gereza, na mimi na mama tutatolewa kwenye nyumba ya kampuni.

Wewe ulilitunza sanduku lile miaka minne kabla hujahamia Cochabamba kufundisha. Niambie kitu kimoja tu: linaweza kukosea?

Mama anakusalimu. Hajala tangu juzi. Barua hii nampa Don Eloy wa basi.

Binti yako,
Eusebia

*

Cochabamba, 21 Juni 1984

Eusebia mwanangu,

Marahaba. Nimesikitika mno. Teodosio nilimfahamu, alikuwa akipiga charango, lile gitaa dogo, vizuri kuliko wote.

Kuhusu swali lako, mashine yoyote inaweza kuharibika, lakini sanduku lile liliundwa na watu makini, na mimi nimeliacha zamani. Sidhani kama msaada wenu uko huko. Tafuteni wakili mzuri Oruro, na watu watakaoapa kwamba Casiano hakunywa Jumapili ile. Huo ndio utetezi wenye nguvu. Usijichoshe na mambo ya nyaya.

Natuma dawa ya kifua kwa mama yako. Nina mitihani mingi ya wanafunzi, sitaweza kuja kwa sasa.

Remberto Zambrana

*

Kambi ya mgodi, 26 Juni 1984

Baba Remberto,

Shikamoo. Dawa imefika, asante. Barua yako niliisoma mara mbili nikitafuta mahali uliposema humwamini baba kuwa mlevi. Sikupaona. Labda ulisahau kuandika.

Wakili wa Oruro amesema waziwazi: bila kuonyesha kosa la mashine, viapo vya majirani ni upepo. Basi nimejichosha na nyaya. Jumapili winchi haifanyi kazi, na fundi umeme Macario ana ufunguo. Alinifungulia huku akichungulia nje. "Mwalimu, wakitukuta hapa, mimi na wewe tutaenda kuuza chuño, viazi vikavu, barabarani." Nikamwambia chuño ya mama yangu inauzika.

Ndani ya sanduku kuna bodi tatu. Macario anasema mbili zina akili ya mashine, ya tatu ina jedwali la kasi. Jedwali lenyewe limo kwenye chipu moja nyeusi yenye miguu ishirini na minne, kumi na mbili kila upande. Juu yake ina kidirisha kilichobandikwa karatasi. Maandishi yamefifia, lakini nimeweza kusoma: "nusu ya juu" na "Feb. 83". Macario alianza kazi hapa mwaka jana mwezi wa Mei, hajui aliyeiweka. Kwenye daftari la matengenezo hakuna kitu. Februari yote ya mwaka ule ni kurasa za mafuta na grisi.

Nilimwuliza baba, "Nani aligusa sanduku wakati wa Kanivali mwaka jana?" Akatazama ukuta. "Sijui." Nikamwambia, "Tata, wewe ndiye ulikuwa zamu." Akasema tena, "Sijui, na usiniulize." Sijawahi kumwona baba akinidanganya, kwa hiyo sijui anafananaje anapodanganya.

Kila siku watu mia na arobaini wanashuka na winchi hiyohiyo, na sasa anayeendesha ni Jacinto, ambaye mke wake ana mimba ya miezi saba. Arandia aliipima siku ileile ya ajali, saa sita mchana, ikaenda sawasawa. Akasema, "Mnaona?"

Mimi ni mwalimu wa hesabu wa darasa la sita. Sijui umeme. Lakini hesabu naijua. Nieleze kumbukumbu ya mashine inavyopangwa, kama ulivyokuwa ukinieleza mafumbo nilipokuwa mdogo. Usinifiche kitu.

Eusebia

*

Cochabamba, 2 Julai 1984

Eusebia,

Kama usemi wako kuhusu kumwamini baba yako ulikuwa wa kunichoma, umenichoma. Namwamini Casiano kuliko ninavyojiamini mwenyewe. Naweka hilo kwa wino.

Umeomba nikufundishe. Nitakufundisha, halafu uniahidi hutalifungua tena sanduku.

Fikiria dirisha la chumba cha taa hapo kambini. Mchimbaji anataja namba, anapewa taa iliyotundikwa kwenye ndoano ya namba hiyo. Chipu ya kumbukumbu ina ndoano nyingi namna hiyo, na namba ya ndoano huitwa anwani. Anwani huingia kwa nyaya. Kila waya ama una umeme ama hauna, moja au sifuri. Waya mmoja unaweza kutaja ndoano mbili. Nyaya mbili, ndoano nne. Tatu, nane. Kila ukiongeza waya mmoja, ndoano zinakuwa maradufu. Chipu ya bodi ile ina nyaya kumi na moja za anwani. Malizia mwenyewe.

Kitu kinachotolewa dirishani ni data, nacho hutoka kwa nyaya nyingine kabisa, nane. Huo ndio upana wake: kila ndoano imebeba sifuri na moja nane kwa mpigo, yaani namba yoyote kuanzia 0 mpaka 255. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza huchanganya mambo haya mawili kila mwaka. Nyaya za anwani zinakuambia ndoano ziko ngapi. Upana unakuambia kila ndoano imebeba mzigo wa ukubwa gani.

Kwenye winchi, gurudumu la kamba hutoa namba mpya kila sentimita ishirini. Namba hiyo ndiyo anwani. Chipu hujibu: mahali hapa, kasi iwe kiasi hiki, na jibu lake hushinda mkono wa mwendeshaji. Sifuri ni simama. 255 ni mbio zote.

Imekwisha. Hakuna fumbo. Jedwali lililoandikwa vizuri haliwezi kujibadili lenyewe. Usiguse chipu, miguu yake ni dhaifu.

R. Zambrana

*

Kambi ya mgodi, Jumamosi 7 Julai 1984

Baba Remberto,

Kwanza la haraka. Juzi alfajiri, kwenye baridi ile iliyogandisha mabomba, kizimba kilirukwa na akili tena. Jacinto alikuwa anashusha mbao, si watu. Kikachomoka kama jiwe kwa muda wa kuhesabu mbili, halafu kikatulia chenyewe. Jacinto alinijia shuleni. "Mwalimu, mkono nilikuwa nimeurudisha. Naapa kwa mtoto wangu." Amemwambia Arandia. Arandia amemnusa mdomo, mbele ya zamu nzima.

Sasa hesabu. Nyaya kumi na moja ni ndoano 2,048. Zidisha kwa sentimita ishirini, unapata mita mia nne na tisa na kidogo. Shimo letu ni mita mia nne. Inaingia kama mkono kwenye glovu, na nilifurahi mno, nikasahau kidogo kwa nini ninahesabu.

Kisha nikavunja ahadi ambayo sikuitoa. Nilirudi na Macario. Kwenye bodi, chini ya soketi, kiwanda kimechapa namba ya chipu inayotakiwa, inaishia na 16. Kwenye chipu yenyewe namba inaishia na 32. Macario anasema hayo ni maelfu ya biti, yaani zile sifuri na moja. Umenifundisha upana ni nane, basi nikagawa. Chipu iliyomo ina ndoano 4,096. Ndoano hizo hazitajwi kwa nyaya kumi na moja, Baba. Zinataka kumi na mbili.

Uliandika kumi na moja. Ulisahau?

Tukautafuta waya wa kumi na mbili, mguu mmoja mmoja. Ni mguu wa ishirini na moja. Bodi ilitengenezwa kwa chipu ndogo, na mahali hapo chipu ndogo ilitaka umeme wa kudumu, kwa hiyo mguu ule umefungwa kwenye volti tano, haupandi haushuki. Maana yake ni moja siku zote. Maana yake mashine inasoma ndoano za nusu ya juu tu, na nusu ya chini haiguswi kamwe. Hapo ndipo nilipoelewa lebo.

Kisha Macario akamulika kwa tochi. Mguu ule umejikunja. Haukuingia kwenye tundu la soketi, umeegemea tu ukingoni. Nauliza maswali mawili. Mguu ukiachia, kwa mfano chuma kikinywea kwa baridi, waya unakuwa moja au sifuri? Na kwenye ndoano ambazo hakuna mtu aliyeziandika kitu, mnatundika nini?

Jana nilimwambia baba kuhusu mguu. Alifunika uso. Nikasema, "Tata, unamjua aliyeweka. Mtaje, utoke." Akanijibu, "Aliyeweka aliacha kazi yake akaja kwa sababu nilimwomba. Hakupata faida hata ya sahani ya supu. Nitamtaja vipi? Pengine hata hajui kuna kosa. Angejua angekuja."

Lebo ina saba moja iliyofifia pembeni, ambayo mara ya kwanza sikuiona, yenye mstari katikati. Bahasha zako zote, kwenye namba ya sanduku la posta, zina saba za namna hiyo.

Sitaki kuandika zaidi.

Eusebia

*

TELEGRAMU. Cochabamba, 11 Julai 1984

SIMAMISHENI WINCHI STOP ASISHUKE MTU STOP CHIPU NILIWEKA MIMI STOP NAJA STOP REMBERTO ZAMBRANA

*

Kwenye kizuizi cha barabara, Caracollo, 15 Julai 1984

Eusebia,

Basi limekwama hapa siku ya tatu. Wakulima wamefunga barabara kwa mawe, hawapitishi gari, na wana haki yao. Barua hii nampa mwendesha baiskeli anayekuja upande wenu, nikiomba Mungu telegramu ilifika.

Majibu yako. Waya usioshikwa na kitu hauwi moja wala sifuri, hutangatanga. Ukiangukia sifuri, mashine inahamia nusu ya chini papo hapo. Na kwenye ndoano ambazo hazijaandikwa hakuna sifuri, kama watu wanavyodhani. Chipu ya aina hii ikiwa mpya, biti zote ni moja. Moja nane kwa upana wote. 255. Mbio zote, kila sentimita, mpaka chini.

Chipu ya zamani ilikufa Jumatatu ya Kanivali. Ya kuagiza ingechukua miezi minane. Casiano alinipigia simu, akaniita kama siku zote tangu nilipokusimamia ubatizo: "Kompadre, shimo limelala, watu watarudishwa makwao." Nilikuja na chipu kubwa kwa kuwa ndogo sikuwa nayo. Nikaandika jedwali nusu ya juu, kama inavyotakiwa. Mtu makini angeandika jedwali lilelile na nusu ya chini, ili waya uangukie popote, jibu liwe moja. Ni kazi ya dakika kumi. Basi lilikuwa linapiga honi. Mguu uliojikunja sikuuona. Nusu tupu niliiona, na nikaondoka.

Sasa lililo baya zaidi. Kwenye barua yako ya kwanza, nilipofika kwenye neno "ikaongeza", nilijua. Nilikaa na barua ile karibu wiki nzima. Nilijiambia labda ni breki, labda ni gurudumu. Nikakuandikia kuhusu wakili. Ulipotaka kujifunza nikakufundisha kila kitu isipokuwa waya mmoja. Siku zote hizo watu mia na arobaini walikuwa wanashuka. Nilijua hilo pia.

Kesho asubuhi barabara isipofunguliwa nitatembea.

Remberto

*

Mdomo wa shimo, Jumatatu 16 Julai 1984

Bwana Zambrana,

Barua yako ya Caracollo imefika, na mwendesha baiskeli anarudi na jibu hili. Telegramu yako ilifika tarehe 12. Nilimpelekea Arandia. Aliikunja akaitia mfukoni: "Karatasi ya mtu asiye na kazi hapa." Nilikuwa nimeinakili, kwa hiyo nikampelekea mke wa Jacinto.

Tangu Ijumaa tumekaa kwenye mdomo wa shimo, wanawake sitini, na masufuria na watoto. Mama yangu yupo, ameanza kula. Saturnina, mjane wa Teodosio, alikuja jana na nguo zake nyeusi, akakaa katikati bila kumwuliza mtu. Arandia alisimama mbele yetu akapiga kelele kwamba tunahujumu kampuni. Saturnina akamwambia, "Basi panda kizimba wewe, injinia. Alfajiri. Sisi tutakutazama." Hakupanda.

Anasema kesho kutwa baada ya kikao atatuondoa kwa askari. Bila wewe nina nakala ya telegramu na maneno ya mwalimu wa watoto. Kuanzia Caracollo mpaka hapa ni kilomita hamsini na nane. Sikusihi. Nakupa hesabu tu.

Eusebia Huarachi

*

Oruro, 9 Agosti 1984

Kompadre Casiano,

Sikuthubutu kukusogelea siku ya kikao. Miguu ilikuwa imevimba, lakini sababu haikuwa miguu.

Nimesimamishwa chuoni. Kesi ya kifo cha Teodosio sasa iko kwa jina langu, na kila Ijumaa naripoti kwa mwendesha mashtaka hapa Oruro. Arandia amesema hakujua kitu kuhusu chipu, ingawa ndiye aliyenifungulia mlango Kanivali ile. Nimeliandika hilo pia, wachague wa kumwamini. Macario amenijulisha kuwa chipu mpya imewekwa, pande zote mbili zimejazwa, na Eusebia alisimama nyuma yake akihakiki namba moja moja.

Eusebia hajibu barua zangu. Sijui niombeje msamaha kwa mtu aliyenyamaza kwa ajili yangu. Naomba hivyo hivyo, vibaya.

Remberto

*

Kambi ya mgodi, 17 Agosti 1984

Remberto,

Naandika kwa mkono wangu, Eusebia hajaiona hii, kwa hiyo usihesabu makosa.

Nipo nyumbani. Wamenirudishia kazi, lakini sijapanda kwenye kiti cha winchi. Nakwenda, nashika mkono wa kasi, narudi. Daktari anasema itapita.

Nilikuona ulipoingia kwenye kikao una vumbi mpaka kwenye kope. Nilikuona ulipounyanyua ule mguu kwa bisibisi, na zile taa nane alizofunga Macario, moja kwa kila waya wa data, zikawaka zote kwa pamoja. Mimi sikutazama taa. Nilitazama uso wako, nikaona kwamba haukushangaa.

Unataka kujua nina hasira ya nini. Si ya chipu. Mimi ndiye niliyekuita, na mtu yeyote anaweza kukimbilia basi. Nilikaa siku thelathini na saba kwenye chumba kile sikutaja jina lako, na nililala vizuri, kwa kuwa nilikuwa nasema moyoni: kompadre hajui, angejua angekuja na gari la kwanza. Hiyo ndiyo ilikuwa blanketi yangu. Kisha binti yangu akanisomea barua yako ya Caracollo. Kumbe kuanzia wiki ya kwanza ulikuwa unajua, na ulikuwa unatutumia dawa ya kifua.

Msamaha sijui uko wapi. Nimeutafuta, sijauona bado. Sitakudanganya kwamba ninao.

Lakini kuna jambo. Saturnina hajaelezwa. Kampuni ilimpa karatasi yenye mhuri, inasema "hitilafu ya kiufundi". Amekuja kwangu mara tatu. "Casiano, hitilafu ni nini? Mume wangu aliuawa na nini?" Nimejaribu, nikashindwa. Eusebia alitaka kumweleza, Saturnina akakataa. Anasema anataka kusikia kwa aliyefanya.

Njoo Jumamosi yoyote, ukishamaliza Ijumaa yako Oruro. Usimletee kitu. Usianze na nyaya, wala ndoano, wala baridi. Anza na jina lako, halafu sema uliona nini na ulifanya nini, na akiuliza mara kumi, mjibu mara kumi.

Nitakusubiri kwenye kituo cha basi. Nitakupeleka mpaka mlangoni kwake. Ndani utaingia peke yako.

Casiano Huarachi